Ukungu wa Saa Nane

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu ya mbele, ambayo yamebaki mawili na kwa hiyo nayapenda kuliko wewe unavyoyapenda yako. Naapa kwa kiinua mgongo changu. Na kama viapo hivyo havikutoshi, panda Lugombe, uliza nyumba ya Anyosisye, bwana stoo mstaafu wa kiwanda cha pareto. Uani utamkuta mbuzi jike mweupe, sikio moja limekatika, anaitwa Karani. Muulize yeye. Karani alikuwepo mwanzo hadi mwisho, na tofauti na mimi hana sababu ya kutia chumvi.

Wewe uliye huko bondeni, ukifungua bomba maji yakatoka, hujiulizi yametoka wapi. Yametoka kwenye usingizi wetu.

Kila siku saa nane mchana kengele ya Mnara hulia mara moja, na Lugombe nzima inalala. Mwalimu anaweka chaki chini. Muuza nyama anashusha pazia la bucha. Kila mtu anajinyoosha na mto wake, ule aliopewa na Idara ya Ukungu, uliofumwa ndani kwa uzi mwembamba kuliko wa buibui. Uzi huo unasikiliza. Unachokisikia unaupelekea Mnara, na Mnara unavuma kwa mapigo yaleyale ya mji uliolala, kama mama anayepumua pamoja na mtoto mgongoni. Mawingu yaliyozoea kupita juu ya milima yetu bila hata salamu yanasimama. Yanasikiliza nayo. Halafu yanashuka, yanajilaza kwenye nyavu tulizotandaza mlimani, na ikifika saa kumi tunaamka ndani ya weupe mtupu huku mifereji inaimba.

Kila mto hutoa namba moja kwa siku: kina cha usingizi wa mwenye nao. Namba zinaingia kwenye jedwali. Mistari ni watu, safu ni siku. Mtunzaji wa jedwali ni mimi. Nilichaguliwa kwa kura nyingi na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Mambo ya majedwali sikufundishwa na mtu. Nilijifunza stoo, kati ya magunia ya maua makavu, kwa kukosea.

Mwaka huo ukungu ulianza kuchanika.

Ulikuwa unashuka vizuri, unafika usawa wa paa la shule, halafu unapasuka katikati kama shuka kuukuu, na jua linaingia kwenye tundu. Nyavu zikabaki kavu. Viazi vikakunja majani. Gwamaka, mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu aliyekuwa ananawa uso kwa maji ambayo wengine wangeoga nayo, akaanza kuja mikutanoni na tongotongo.

Sote tulijua maana yake. Kuna usingizi mmoja ulikuwa hauendi na wenzake.

*

Mji uliolala mchana haufanani na mji uliolala usiku. Usiku watu wamejifungia. Mchana wanalala pale usingizi ulipowakuta: fundi viatu na kiatu kifuani, wasichana wawili wa saluni wameegemeana, mmoja nywele zimesukwa nusu. Jua linawaka. Kuku wanapita katikati ya barabara kama wenye mji. Mahali fulani sufuria ya maharage inachemka polepole bila mwangalizi. Na ukisimama kimya unasikia Lugombe yote inapumua, ndani, nje, ndani, nje, mpaka unaona nyasi zinainama kwa pumzi hiyo. Kisha Mnara unaanza kuvuma. Unausikia magotini kabla ya masikioni. Na kule juu kabisa, wingu la kwanza linageuza shingo.

Usiniulize mimi nilikuwa nafanya nini nje saa hizo. Mtunzaji wa jedwali ana kazi zake. Na mto wangu usiuhofie. Ulikuwa nyumbani, umelaliwa vizuri tu.

Katika matembezi hayo nilikuwa na kituo. Nyuma ya nyumba ya Tusajigwe, upande wa shamba, kuna gogo, na juu ya gogo kuna dirisha. Tusajigwe ni mjane wa rafiki yangu Mbonile, kwa hiyo ni shemeji yangu, na kwa hiyo nina haki ya kukaa kwenye gogo lake. Alikuwa anazungumza usingizini. Si ule ujinga wa kunung'unika. Alikuwa anasalimia.

"Ugonile, baba Mbwiga?" Ndiyo salamu ya kwetu, ile inayouliza kama umelala. "Na ng'ombe je? Yule mwekundu amezaa?" Kimya kidogo, kama mtu anayejibiwa. "Haya. Napita kwa mama kwanza."

Sauti yake ilikuwa ya msichana. Ilikuwa inashuka mteremko. Unasikia kabisa pumzi za mtu anayekanyaga mawe kwa uangalifu. Nyumba hadi nyumba, jina hadi jina, mpaka kisimani, na hapo alikuwa anacheka na mtu ambaye hakumtaja kamwe.

Nilikuwa nakaa pale mpaka mawingu yanafika. Sijawahi kusikia redio tamu kama ile.

*

Idara ikamleta Mhandisi Salome Haule. Msichana mrefu, sauti ndogo, koti la mvua la njano ambalo mwaka huo halikuwa na kazi. Akaja kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kutukamata?"

"Nimekuja kuwachagulisha. Kukamata ni baadaye." Akatoa kibao cha kioo kwenye begi lake, akakiweka juu ya stuli yangu, na Karani akaja kukinusa. "Mbuzi mzuri. Ni wa siku nyingi?"

"Kiasi," nikasema.

Akanieleza, na mimi nakueleza wewe, ili usije ukasema hukuambiwa. Kutafuta kasoro kwenye jedwali hakuna njia moja. Kuna vyombo, na kila chombo kina macho yake. Cha kwanza watu wa Idara wanakiita Mizani: kinachukua wastani wa mji mzima, kinapima watu kwa kawaida wanatawanyika umbali gani kutoka pale, halafu kinamtaja aliyekwenda mbali mno.

"Ubaya wa Mizani," Salome akasema, "ni majitu. Pima urefu wa watoto wa darasa dogo, kisha muingize twiga mmoja. Wastani unapanda kwa ajili yake, mtawanyiko unapanuka kwa ajili yake, na twiga anajificha nyuma ya urefu wake mwenyewe. Ndiyo maana tuna cha pili, Mtu wa Katikati. Hakijumlishi. Kinawapanga watu wote mstari, mfupi hadi mrefu, kinamwita aliyesimama katikati, kinapima wote kutoka kwake. Twiga hata akiwa mrefu kama Mnara, wa katikati hasogei."

"Nakipenda hicho."

"Subiri. Cha tatu ni Jirani. Hakijali katikati, kinauliza, nani hana mwenzake karibu? Na cha nne ni Kioo. Kioo hakimlinganishi mtu na mwingine kabisa. Kinamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana na juzi, kinatazama namna anavyopanda na kushuka, kama ni namna ya kiumbe anayelala kwenye mto ule siku zote."

"Kipi ni kizuri?"

"Hilo ndilo hatuamui sisi. Kanuni inasema wanaochagua ni wenye usingizi, mbele ya baraza, na wanachagua kabla chombo hakijagusa jedwali. Chombo kwanza, jina baadaye. Ukianza na jina, mzee, chombo chochote utakishawishi."

Akaniachia kibao, chenye namba za kubuni, nijifunze ili niweze kuwaeleza wenzangu. Akanitaka niahidi kwamba sitakipa jedwali la kweli. Niliahidi haraka, tena kwa furaha, kama ninavyoahidi siku zote.

Hapa nikueleze desturi mbili, maana ndizo zilizonikaba. Ya kwanza: aliyechana ukungu kwa makusudi, kwa pombe au kwa kukataa kulala, hubeba maji. Anachota kwenye chemchemi ya chini, anapandisha mlima, ndoo kwa ndoo, nyumba kwa nyumba, mpaka nyavu zilowe tena. Hiyo ni aibu na mgongo tu. Ya pili: aliyeuchana bila kukusudia, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa kulala, hanyooshewi kidole. Ananyooshwa usingizi. Wanamwekea ndani ya mto wake uzi wa pili, ambao hausikilizi bali unavuma kumrudia, na usingizi wake unakuwa tambarare kama bati jipya. Hauumi. Ambakisye wa mtaa wa juu alinyooshwa, na anakula vizuri, anaongeza mwili. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akipalilia. Hapigi tena, na ukimuuliza anasema, "Mluzi upi?"

*

Kibao kilikaa juu ya stuli. Mimi nikakaa kitandani. Tulitazamana.

Nilikuwa najua namba za Tusajigwe. Nilikuwa naziona kila siku. Watu wote wa Lugombe walikuwa wanalala kina cha kisima. Yeye alikuwa analala kina cha ziwa.

Nikajiambia, kujifunza kwa namba za kubuni ni kama kujifunza kuogelea kitandani. Nikakipa kibao jedwali letu. Kabla ya hapo niliuficha mstari mmoja, ule wa mtu anayeitwa Anyosisye, kwa sababu zake binafsi. Mtunzaji mzuri hajiingizi kwenye kazi.

Mizani ikafikiri kidogo: Tusajigwe. Mtu wa Katikati, niliyempenda, akaniangusha vibaya kuliko wote: Tusajigwe, tena na mama aliyejifungua juzi. Jirani hata hakufikiri. Tusajigwe hakuwa na mwenzake karibu. Alikuwa peke yake kule chini kama taa iliyozama.

Kisha Kioo. Kioo kilikaa muda mrefu, kikavuma, kikasema: hakuna.

Nikacheka mpaka Karani akatoka nje. Shemeji yangu alikuwa na kina cha ajabu, lakini kilikuwa kina chake. Alikuwa anapanda na kushuka kwa namna yake ileile kila siku, kama mtu anayefuata njia anayoijua. Kumbe ni hivyo tu! Nichague Kioo, niwashawishi wenzangu, kwisha.

Lakini kama hakuna kasoro, ukungu unachanwa na nini? Wazo moja lilinijia hapo, likanitua puani kama nzi. Nikalifukuza. Likarudi. Nikasimama, nikaenda kwa Tusajigwe ili lisinikute nyumbani.

Nilimkuta uani anamenya viazi kwenye karai kavu. Zamani alikuwa anavimenyea ndani ya maji.

"Namba yangu ndiyo kubwa," akasema kabla sijakaa. "Si ndiyo?"

"Shemeji, siruhusiwi kusema."

"Basi usiseme. Uso umeshasema." Akaendelea na kisu. "Wengine wakilala wanakaa kizingitini. Mimi naingia mpaka jikoni. Unajua ninakokwenda?"

"Wapi?"

"Ndobwe. Kijiji chetu, kabla hawajajenga bwawa la umeme. Nilikuwa msichana. Maji yalipanda polepole, ukienda asubuhi unakuta jiwe la jana halipo. Wenzangu wametawanyika, wengi wamekufa, hakuna hata kaburi la kupalilia. Ile Ndobwe iliyobaki iko hapa." Akagusa kisogo, pale mto unapokaa. "Na inataka kutembelewa. Mama Mbwiga haoni, macho yalikufa zamani. Nikichelewa anatoka nje anasimama, anageuza sikio barabarani."

Nikaokota kiazi kimoja karaini, nikakigeuzageuza. 

"Wakinitaja, waninyooshe," akasema.

"Usiseme hivyo!"

"Nasema. Mjukuu wa Gwamaka anafutwa kwa kitambaa kibichi badala ya kuogeshwa. Mimi niende kusalimia wafu huku wazima wana kiu? Ila wewe ndiye unayeshika jedwali, shemeji. Nina ombi moja. Usinipendelee. Ukinipendelea, hata nikienda Ndobwe nitakuwa nakwenda kama mwizi."

Nikamwambia sina mpango wowote wa kumpendelea mtu. Nilimwangalia machoni. Ni kipaji.

*

Baraza lilikaa asubuhi kwenye ukumbi wa ushirika wa viazi. Mbele walitundika shuka jeupe, jedwali likaonekana juu yake bila majina, mistari ya mwanga inayopanda na kushuka. Pazuri kweli. Ungedhani mji mzima unapumua ukutani. Salome akaeleza vyombo vyake vinne, na mara moja Gwamaka akasimama.

"Mimi ni Mizani. Tumekitumia miaka yote. Mambo ya vioo waachieni vinyozi."

Watu wakacheka, vichwa vikaanza kuitika. Nikaona kura inakwenda. Nikasimama.

Kusema kweli sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Nikawaambia: kuwa tofauti na jirani si kasoro. Kama ni kasoro, basi mwenyekiti wetu anyooshwe tumbo. (Wakacheka upande wangu.) Nikawaambia: kasoro ni mtu kutokuwa yeye. Aliye mkubwa kila siku, huo ndio ukawaida wake. Nikaona macho yananifuata, nikaona Tusajigwe kwenye benchi la nyuma ameinamisha kichwa, na joto likanipanda, na mtu kama mimi joto likimpanda hajui pa kushukia.

"Chukulieni mfano," nikasema, "mtu ambaye kila siku anapita njia moja. Anaanza nyumba ya juu, anamuuliza baba Mbwiga kuhusu ng'ombe, yule mwekundu. Anateremka kwenye mawe, taratibu, mpaka kisimani, na pale anacheka. Kila siku anacheka palepale! Huyo ndiye mtachukua uzi mumshone mdomo?"

 Kisha mikono ikanyanyuka. Kioo kikashinda, hata Gwamaka alinyanyua, kwa hasira.

"Kioo, basi," akasema Salome. Akagusa kibao.

Shuka likatiwa giza mstari mmoja mmoja. Mmoja baada ya mwingine, mistari inapanda, inashuka, inaitika: ni mimi, ni mimi, ni mimi. Mmoja wenye kina cha kutisha ukapita na kuzimika kwa amani, sikuhitaji jina. Nikaanza kukunja shati mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Mstari mmoja ukabaki unawaka.

Hadi kiangazi mstari huo ulikuwa unapanda na kushuka kama yote. Kisha, kuanzia siku fulani, ulinyooka. Haukupanda wala kushuka. Kifupi kifupi, kila siku sawasawa, kama mtu aliyechora kwa rula. Na siku mstari huo ulipoanza kunyooka, pale chini kwenye rekodi za Mnara, ndiyo siku ukungu ulipochanika mara ya kwanza.

"Watu huwa wanatafuta kilichozidi," Salome akasema kwa sauti yake ndogo. "Kisichotikisika wanakipita. Mnara unajaribu kupumua na mji, halafu kuna kitu kimoja kinapiga palepale kama nyundo." Akageuza kibao. "Mzee Anyosisye. Ni wewe."

"Mtambo umeharibika," nikasema. "Nyumbani ulisema hakuna."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mbele ya Lugombe nzima.

Salome akanitazama, akaelewa vyote viwili kwa pamoja: kwamba nilikijaribu, na kwamba nilipokijaribu mimi mwenyewe sikuwemo. "Hukuchagua chombo, mzee," akasema. "Ulichagua jina. Bahati yetu ulisahau la kwako."

Lakini kilichonimaliza kilitoka benchi la nyuma.

"Shemeji." Tusajigwe alikuwa amesimama. "Nilikuambia nakwenda Ndobwe. Habari za ng'ombe mwekundu nani kakuambia?"

"Si wewe mwenyewe?"

"Mimi hata sijui kama nazungumza. Nalala peke yangu. Dirisha langu linatazama shamba. Saa nane mji huu wote umelala. Mwenye masikio saa hizo ni nani?"

 Nikasema nimesikia kwa watu. Watu gani, akauliza. Nikafungua mdomo na, kwa mara ya kwanza toka nizaliwe, haukuwa na kitu ndani.

"Twendeni tukautazame mto wake," akasema Gwamaka, na nakuapia alikuwa na furaha.

Waliukuta uani, kwenye majani makavu. Ulikuwa na manyoya meupe, na kishimo katikati kilichokaa vizuri, na juu yake alikuwa amelala Karani, anacheua, anatutazama kama ofisa aliyekatizwa kazi.

*

Walinizunguka. Niliulizwa kwa nini. Nikatoa sababu tatu, zote nzuri, na hakuna iliyokuwa ya kweli. Ya kweli ninakupa wewe kwa kuwa huwezi kunicheka nikakusikia: niliipenda ile saa. Mji uliolala jua likiwaka, na mimi peke yangu nimeshikilia macho yake. Basi nikanunua mbuzi.

Salome aliwatawanya watu, akabaki. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kama Kioo kisingekutaja," akasema, "ungefanyaje? Ungeuacha mji na kiu, au ungemwacha yule mama achukue hatia yako?"

"Ningefikiria kitu."

"Ulikuwa na siku ngapi za kufikiria?" Akafunga koti lake. "Yule mama bado hajatoka hatarini, mzee. Jedwali linasema ni wewe, lakini jedwali si wingu. Leo saa nane mtalala wote, na wewe kwenye mto wako. Ukungu ukishika, ni wewe kweli. Ukichanika tena, kanuni inanirudisha kwenye kina kikubwa kuliko vyote. Na kesho nitashona uzi."

Kwa hiyo asubuhi hiyo nilibeba maji. Ndoo ya kwanza kwa Gwamaka, ambaye aliisubiri kizingitini na taulo begani. Mlima ule nimeushuka maisha yangu yote nikiimba, sikuwahi kujua kwamba una upande wa kupanda. Wanawake walinipisha njiani na kuniuliza kwa heshima kubwa kama Karani ameamkaje. Nilipofika kwa Tusajigwe nilimimina mtungini.  Yeye alichota kikombe, akainywesha miche yake, akaingia ndani.

Kengele ikalia.

Nikalala kwenye mto unaonuka mbuzi. Na hapo ndipo hofu iliponishika. Sikuwa nimelala mchana toka kiangazi. Nikafumba macho, yakafumbuka. Nikasikia mji unazama, mmoja baada ya mwingine, kama mawe yanayotupwa majini kwa upole, na mimi peke yangu juu naelea. Nikamfikiria Tusajigwe anashuka kwenye mawe sasa hivi. Nikamfikiria yule mama asiyeona, ametoka nje, amegeuza sikio. Nikasema, ewe mgongo, nimekutesa toka asubuhi, nilipe. Ndani, nje. Ndani, nje. Mnara ukanishika magotini, halafu kifuani, halafu sikuwa na kifua.

Niliamka shavu limelowa. Nikadhani ni mate. Dirisha lilikuwa halipo. Palikuwa na weupe tu, umeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda, mzima, haukuwa na tundu hata moja. Nje mifereji ilikuwa inazungumza yote kwa wakati mmoja, na mtu, nafikiri Gwamaka, alikuwa anapiga kelele za mtu anayemwagiwa maji ya baridi kwa hiari yake.

Salome alitokea ndani ya ukungu, koti la njano kwanza, halafu yeye. Hatimaye lilikuwa limelowa.

"Umefanya vizuri, mzee. Uzi umebaki kwenye begi langu."

"Na namba yangu? Kina changu je?" Nilitegemea ziwa. Angalau bwawa.

Akaangalia kibao, akajaribu kutotabasamu. "Tuliwapanga watu wote wa Lugombe, mfupi hadi mrefu. Yule aliyesimama katikati kabisa... ni wewe."

Sijawahi kutukanwa vile.

Nilikuwa bado nimekaa kizingitini na tusi hilo Tusajigwe alipokuja, anapapasa njia kwa mkono, nywele zake zimejaa vitone vidogo.

"Ugonile?" akaniuliza.

"Nimelala, shemeji. Tena nimelala sana."

"Umeota nini?"

Nilikuwa nimeota harufu ya pareto na mlango wa stoo. Basi. Lakini alikuwa amesimama pale, mwepesi, ametoka nyumbani kwao, na mimi nina meno mawili na mtu wa katikati ndani yangu. Nifanyeje?

"Nilikwenda Ndobwe," nikasema. "Nilikuona unashuka kwenye mawe. Sikutaka kukusumbua, nikapita kwa mama Mbwiga. Alinitambua kwa mbali, yule mama! Aliniona toka kule juu, akanipungia mkono."

Tusajigwe alinitazama muda mrefu, mpaka ukungu ukapita kati yetu na kuondoka.

"Alikuona," akasema.

"Kwa macho yangu mwenyewe nilimwona ananiona."

Akainama, akaokota ndoo yangu pembeni ya mlango, akanitundikia mkononi.

"Mtungi wangu bado haujajaa," akasema. "Na gogo lile pale dirishani nimelihamisha. Liko chemchemini, utalikalia ukichoka."

Nikaichukua. Nilishuka nayo ndani ya ukungu, sioni miguu yangu, Karani ananifuata nyuma. Na nyuma yake, huko juu, nilimsikia shemeji anacheka, kicheko kilekile cha kisimani.